Sipigi Pushapu za Magoti

"Mama, wewe anza na za magoti," aliniambia mwalimu wa mazoezi, akaninyooshea kidole kwenye kona walikotandikiwa mkeka wanawake. Hakuniuliza naweza nini wala nimekuja kutafuta nini. Alitazama sketi niliyoivaa juu ya suruali, akatazama kiuno cha mwanamke aliyevuka arobaini, akaona ameshanielewa. Jimu yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maduka ya Miembeni, mjini Bukoba, bati bila dari, na nilikuwa nimefunga cherehani mapema ili niiwahi kabla wanaume wa jioni hawajajaa.

Nilimwambia sipigi pushapu za magoti.

Akacheka. "Hizo ndizo za akina mama. Ukizizoea tutaangalia nyingine."

Mimi ni mtoto wa Buganguzi, wilaya ya Muleba, nimelelewa na Wahaya wanaojua adabu. Magoti yangu yamefanya kazi ya kutosha. Tangu nilipojua kutembea nimeyapiga kwenye nyasi tunazotandika sebuleni, macho chini, nikiwasalimia wajomba, mashangazi, wazee wa ukoo na wageni wa baba ambao hata sikujua wametoka wapi. Wapo waliochelewa kuitikia kwa sababu walikuwa katikati ya hadithi yao, na mimi nikabaki pale chini nikisubiri hadithi iishe. Nilimpigia magoti mume nikimnawisha mikono, miaka yote ya ndoa, mpaka siku nilipobeba cherehani yangu nikaondoka. Sasa nimekuja kutafuta mikono, naambiwa nianze tena na magoti. Damu ilinichemka. Nilishuka hapo hapo mbele ya vijana waliokuwa wakijitazama kwenye kioo, nikaweka viganja sakafuni, nikanyoosha miguu nyuma, nikateremka.

Sikupanda. Mkono wa kulia ulikataa, nikalala kifudifudi kwenye saruji, pua kwenye jasho la watu wengine. Mwalimu alininyooshea tena ile kona.

Mkono huo ulivunjika kwenye kifundo, karibu na kiganja, siku bodaboda ilipoteleza nami kwenye mteremko wa Nyanga wakati wa mvua. Nilifungwa plasta, mfupa ukaunga, lakini kifundo kilibaki kigumu. Kushona niliweza. Kukunja kiganja nyuma na kukiegemea sikuweza, niliona kama kuna msumari ndani. Ningeweza kuzeeka nao hivyo hivyo, maana fundi nguo hatembelei mikono. Kilichonipeleka jimu ni mama.

Mama alianguka kibanjani, kwenye shamba letu la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, akichuma kahawa peke yake. Nyonga ikavunjika. Alipasuliwa Bukoba, akarudishwa Buganguzi akiwa na mguu mmoja usiobeba chochote na mwingine unaobeba kidogo. Kitanda chake kilihamishiwa sebuleni ili wageni wamwone bila kuingia chumbani, na kaka yangu mkubwa, anayeishi Nyanga, huko huko mjini Bukoba, kwenye nyumba yenye vigae mpaka jikoni, akaleta godoro jipya nene la springi. Alilitandika na nailoni yake, kila mtu ajue ni jipya. Kila mgeni aliyekuja alilibonyeza kwa kidole na kulisifu. Mama alilala juu yake, miguu haifiki chini hata akikalishwa ukingoni.

Kisha kaka akaamua kwamba mama ahamie kwake. Sisemi alipendekeza, aliamua. Kiti cha magurudumu ambacho mama alipewa alipotoka hospitali kilipelekwa moja kwa moja Nyanga kumsubiri, kwa kuwa, alisema kaka, kwenye nyasi na matuta ya kibanja hakiwezi kutembea.

Mama alisema hataki. Alisema kwa sauti yake ya siku zote, mbele ya shangazi zetu wawili na jirani anayelala hapo kumwangalia. "Nyanga nitakuwa mgeni, na mgeni anakaa anapoambiwa. Hapa ni kwangu. Baba yenu amelala pale kwenye kahawa. Niacheni."

Hakuna aliyemjibu. Walimtazama kwa huruma, kisha wakageuka kuendelea kuzungumza na kaka, kana kwamba maneno yale yametoka redioni. Hilo ndilo lililoniwasha. Ningevumilia wangebishana naye, wangemkaripia, wangemwambia amezeeka. Walimwonea huruma, wakamruka.

Nikasema abaki. Kaka akauliza nani atamnyanyua, maana jirani naye ni bibi kizee, mgongo umepinda. Nikasema nitamnyanyua mimi.

"Mnyanyue basi tuone."

Kaka ndiye omusika, mrithi wa baba. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulimkalisha kwenye kiti cha baba, kiti kizito cha mbao chenye mgongo mrefu, na tangu hapo hakuna mwingine anayekikalia. Ndimo alimokuwa siku hiyo, miguu ameinyoosha kwenye nyasi, akinitazama ninavyoingiza mikono chini ya makwapa ya mama. Nikavuta. Kifundo kikauma mpaka machozi yakanitoka, mkono ukaachia, mama akarudi kitandani kwa kishindo akaguna. Shangazi mmoja alisema, "Waitu," lile neno letu la heshima na kubembeleza, "mtamuua." Kaka hakuinuka kitini.

"Nakupa mpaka Pasaka," alisema. "Ukiweza kumtoa kitandani ukamweka kwenye kiti, wewe peke yako, abaki. Ukishindwa, Jumatatu ya Pasaka namchukua, na sitaki kelele."

Ndiyo maana nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye saruji ya Miembeni huku mtoto wa watu akinielekeza magotini.

Nilirudi kesho yake. Nilikuwa na hasira ya kutosha kunirudisha hata mwezi mzima. Nilianza na ukuta, nikiusukuma nimesimama, kisha nikahamia ukingo wa benchi, na kila nilipoweka kiganja wazi, kifundo kilinikumbusha bodaboda. Nikajaribu ngumi. Ngumi zinanyoosha kifundo, huo ni ukweli, mkono unakuwa mfupa mmoja kutoka begani mpaka chini. Lakini zilinichuna vidole, na fundi mwenye vidole vinavyovuja damu hawezi kushika kitambaa cheupe cha bibi harusi. Mteja mmoja alikuta doa kwenye pindo la gauni lake, akanisema mpaka nikakosa pa kuangalia.

Jimuni kulikuwa na vishikio viwili vya chuma, vifupi, vya kuweka sakafuni na kushika wakati wa kupiga pushapu. Nilivitamani tangu siku ya kwanza. Mwalimu aliniambia hivyo ni vya watu waliokwisha kuiweza sakafu, na kwamba kwa mtu kama mimi vitakuwa njia ya kudanganya mwili. Vijana wawili walivikumbatia jioni nzima, wakipiga chache, wakipiga picha nyingi. Nilipomsumbua sana, mwalimu alinisukumia vyuma vya kunyanyua, vile vya mkono vyenye vichwa vya mviringo, akasema nishike hivyo. Nikashika. Nikateremka. Kimoja kikaviringika, nikaangukia bega.

"Nilikwambia za magoti," alisema.

Hajawahi kujua alivyokuwa karibu kupigwa na kile chuma. Nilikusanya khanga yangu na viatu, nikaondoka, na njiani nilikuwa nabishana naye peke yangu kwa sauti hadi watu wa dukani wakageuka kuniangalia.

Nilipofungua kibanda changu, macho yalitua kwenye pasi zangu mbili za mkaa. Moja niliinunua nilipoanza kazi, nyingine aliniachia fundi aliyenifundisha. Ninazo kwa sababu umeme ukikatika, harusi haiahirishwi. Kila pasi ina tumbo zito la chuma, kitako bapa kisichotingishika, na juu yake mshikio wa mti ulioiva kwa miaka ya kushikwa. Zilikuwa zimepoa. Nilimwaga majivu, nikafunga vifuniko kwa vile vijogoo vyake vya chuma, nikaziweka sakafuni sambamba, nikashika.

Kifundo kilinyooka. Nilingoja maumivu, hayakuja. Yalikuwepo kwa mbali, yakinung'unika, lakini ule msumari haukuwepo. Kwanza niliziweka juu ya meza ya kukatia nguo, nikawa nateremka nimeinama nusu. Siku zilivyokwenda nikazishusha kwenye stuli, na baadaye chini kabisa.

Hapo nikajifunza jambo ambalo yule mwalimu hakunieleza, ama kwa kutojua au kwa kunidharau. Kwenye sakafu tupu kifua kinakutana na saruji kabla mikono haijafika mwisho wake, na ukichoka unalala, mambo yameisha. Kwenye pasi kifua kinapita chini ya mikono yenyewe. Kuna nafasi pale katikati, na ukishuka humo lazima utoke mwenyewe. Kwapa linavutika, kifua kinafunguka, mabega yanatetemeka. Eti kudanganya. Nilitamani kumwita aje adanganye na mimi kidogo.

Lakini sakafu nayo nilikuja kuiheshimu. Kiganja kikiwa wazi hakuna cha kushika, na mwili wote lazima ukae sawa, tumbo likilegea unaliona. Nilikuwa namalizia na chache za viganja wazi, mezani kwanza kisha sakafuni, taratibu, kuzoeza kifundo kukunjika tena. Kiliuma, ila kilikuwa kinalegea. Pasi zilinipa nguvu, sakafu ikanipa kifundo changu, na sikuona sababu ya kuvigombanisha. Watu wa jimu ndio wanaopenda kugombanisha vitu. Huku wanaume, huku wanawake, huku halali, huku uvivu.

Kila Jumamosi nilikwenda Buganguzi na pasi zangu kwenye kikapu. Mama alikuwa amenyauka usoni. Wageni walikuja na ndizi, na maharage, na nyimbo za kanisani, wakamketia pembeni. Kwetu mzazi mgonjwa akionekana anajihangaisha mwenyewe, hiyo ni aibu ya watoto wake, watu watasema ametelekezwa. Basi kila mama alipoweka mikono kitandani ajisogeze, watu wanne walimrukia. "Waitu mama, tulia. Tupo." Wakamweka walivyotaka wao, wakamvutia shuka, wakamfunika mpaka kidevuni mchana wa jua kali. Nilimwona akifumba macho kila walipomshika. Wao walidhani anashukuru.

Jumatatu ya Pasaka kaka alifika na gari, na shangazi wote wawili ndani yake wakiwa na nguo zao za ibada. Aliketi kwenye kiti cha baba. Nilimpigia magoti nikamsalimia, maana adabu ni adabu, kisha nikainuka nikaenda kitandani.

Nilikuwa nimeshafikiri jinsi ya kufanya. Sikuingiza viganja chini ya mwili wake kama mara ile. Niliisokota khanga ikawa kamba nene, nikaipitisha nyuma ya kiuno chake, nikaikamata pande mbili kwa ngumi, kifundo kimenyooka, kama ninavyoshika pasi. Nikamwambia anikumbatie shingo. Nikapanda naye. Mama alikuwa mzito kuliko nilivyomkumbuka, lakini mkono haukuachia. Nikamgeuza, nikamketisha kwenye kiti cha plastiki nilichokuwa nimekiweka pembeni. Hakuguna.

Jirani alipiga vigelegele vifupi, akajizuia. Nilisimama pale nahema, namtazama kaka. Nilitegemea aseme kitu chochote, hata neno moja la shingo upande.

"Sawa," alisema. "Na kesho utakuwepo?"

"Kesho niko kazini."

"Na keshokutwa?"

Nikaanza kuikunjua ile khanga niliyoisokota.

"Unaona. Utamnyanyua Jumamosi, halafu siku nyingine zote nani? Mdogo wangu, haya mambo siyo ya kushindana." Akamgeukia jirani. "Mfungieni nguo zake. Tukishakula tunaondoka."

Alitoka nje na shangazi zake, nikamsikia akicheka na mtu kule uani. Miezi yote ile alijua kabisa kwamba ninaishi mjini. Alijua siku aliponipa lile sharti. Alinipa mlima wa kupanda ili ninyamaze mpaka Pasaka, na nilipofika juu akaniambia mlima wenyewe si huo. Sijawahi kumkasirikia mtu vile, hata yule niliyemwachia nyumba na ndoa yake. Ningeongea ningetukana, na mama alikuwa pale. Kwa hiyo nilisukuma nyasi kando kwa mguu, nikatoa pasi kwenye kikapu, nikaziweka sakafuni, nikaanza kupiga pushapu hapo sebuleni na gauni langu la Pasaka.

Sijui nilipiga ngapi. Nilisikia tu pumzi zangu na jirani akifungua sanduku chumbani.

"Hizo si pasi?" mama aliuliza.

"Ni pasi, mama."

"Unapiga nyasi pasi?"

Nilikaa chini nikaanza kucheka, na kicheko kikageuka nusu kilio. Nikamweleza. Nilimweleza yote, kuanzia yule kijana na kona yake ya magoti, vyuma vilivyoviringika, kiganja kinavyouma kikilala bapa na kinavyotulia kikishika kitu, na jinsi pasi zinavyomwinua mtu juu ya sakafu akapata nafasi ya mwili. Mama alisikiliza vizuri. Kisha akanyoosha mikono.

"Nipe."

Nilimwekea pasi mapajani. Akazishika mishikio, akazipima uzito, akazigonganisha kidogo. Mikono ya mama ni mifupi na minene. Imeshika jembe tangu utoto wake, imekata mikungu, imebeba maji. Mguu ulikufa, ila mikono haikuambiwa.

"Godoro la kaka yako linanila," alisema. "Tangu waliponilaza humo mikono yangu haijapata pa kukanyaga. Nikisukuma inazama."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Akasema nitalizoea." Akatazama mlango, kisha kitanda. "Liondoe, mwana wange, kabla hawajarudi. Lete lile la zamani."

Nililiburuza lile godoro na nailoni yake mpaka chumbani, likinikwaruza miguu, nikalisimamisha ukutani. Nikaleta la zamani, jembamba, lililolala bapa juu ya mbao. Nikamrudisha mama kitandani kwa khanga. Kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, nyayo zake ziligusa chini.

Alijaribu kwanza kwa viganja vitupu. Alivikita pembeni mwa mapaja, akasukuma. Mwili ulijivuta kidogo, shuka ikajikunja, lakini hakuinuka, kwa sababu mikono yake ni mifupi na haikumfikisha popote. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni mwangu: waitu mama, tulia, nipo. Nikayameza. Nikaweka pasi moja kulia kwake, nyingine kushoto.

Akashika, akashusha kichwa, akasukuma. Mama yangu akaachana na kitanda. Kiuno chote kikawa hewani, kikining'inia kati ya pasi mbili za mkaa. Akasogea pembeni upana wa kiganja, akashuka. Akahamisha pasi, akafanya tena. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa jitihada, na sikutaka mtu yeyote aingie aniharibie.

Nilisogeza kile kiti cha plastiki. Alikigusa kwa mkono, kikateleza kwenye nyasi.

"Hicho kitaniangusha. Lete kile."

Alikuwa anatazama kiti cha baba.

"Mama."

"Ni kizito, hakikimbii. Na sasa kinalingana na kitanda. Lete."

Nilikiburuza. Jirani alikuwa ametokea mlangoni na gauni la mama mkononi, akaona tunachofanya, akaziba mdomo, lakini hakukimbia kumshika. Kwa hilo namshukuru mpaka leo. Mama alikamata pasi kwa mkono mmoja, ukingo wa kiti kwa mwingine, akajiinua, akajitupa kidogo, akakaa. Akajivuta nyuma mpaka mgongo wake ukakutana na mgongo wa kiti. Akaomba maji.

Alikuwa bado anakunywa kaka alipoingia kusema chakula kiko tayari. Alisimama kizingitini. Alimtazama mama, akatazama kiti, akatazama kitanda kisicho na godoro lake.

"Nani amemkalisha mama hapo?"

"Nimekaa mwenyewe," mama alisema.

Kaka alinigeukia mimi. "Usimfundishe mama kusema uongo."

Nilifungua mdomo. Mama aliinua kidole kuninyamazisha, akanipa kikombe. Kisha akachukua pasi, akaikita kitandani, akajinyanyua mbele yake. Kaka aliruka, mikono mbele. "Mama, tulia, utaanguka."

"Toa mkono."

"Mama."

"Toa mkono wako."

Aliutoa. Alisimama na mikono yake mitupu hewani, mwanamume mzima na tai yake, akimtazama mama anavyorudi kitandani, anapumzika, kisha anaanza upya kurejea kitini. Mara hii alichelewa. Alihema kwa nguvu, pasi moja ikagonga mbao. Shangazi walikuwa wamefika mlangoni, na mmoja alishaanza lile neno, waitu, akakatiza njiani. Mama alipokaa sawa alijipangusa shingo kwa upande wa khanga.

"Tangu nimeanguka mnajadiliana nani anibebe," alimwambia kaka. "Mmekaa vikao. Mmepeana mpaka Pasaka. Mimi hapa nina mikono, hakuna hata mmoja aliyeniuliza." Hakupandisha sauti. "Gari lako lirudi Nyanga. Ukija tena, niletee kiti changu cha magurudumu. Kwenye matuta wanaukoo watanilimia njia."

Tulikula. Waliondoka kabla ya mvua.

Mama yuko Buganguzi mpaka leo. Asubuhi jirani anamwekea uji mezani, naye anahama kutoka kitandani kwenda kitini kwa mikono yake, kwa wakati wake. Pasi zangu zilibaki kwake. Nilinunua nyingine moja ya mkaa, na kwa mazoezi fundi seremala alinichongea vishikio vya mti wa kahawa. Jimu sijarudi. Nikimkuta yule mwalimu barabarani ananiita mama, ananiuliza nimepotelea wapi, nami nampita.

Hasira yangu haijaisha, na sina haraka nayo. Kaka anawaambia watu kanisani kwamba alimnunulia mama vifaa vya mazoezi, na watu wanampongeza. Lile godoro alilirudisha Nyanga. Kiti cha magurudumu alikileta, baada ya kukumbushwa mara nyingi, na siku hizi anakuja kumwona mama akiwa na zawadi na maneno matamu.

Mama anamwacha aingie, aketi kwenye kile kiti cha plastiki, atulie. Akianza kusalimia, mama hamjibu. Anavuta pasi zake, anajinyanyua mbele yake taratibu, anahamia kwenye kiti cha baba, anajipanga, anavuta pumzi. Kaka anangoja pale, mikono kati ya magoti. Ndipo mama anaitikia.